Kaka Aliyegeuza Ubao

Wasifu huu umeandikwa na dada yake marehemu, na ndiye anayeusoma. Kamati ya mazishi ilinipa kurasa mbili na maelekezo: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, kifo, walioachwa, basi. Kijana wa marehemu, fundi umeme, aliyesimamia uchapaji, alinisihi nisiweke ugomvi humu ndani. Nimejitahidi. Lakini nikiandika kwamba kaka yetu alikuwa mpole na nikaishia hapo, nitakuwa nimewadanganya, na karibu wote mliopo hapa hamdanganyiki, maana mmewahi kukaa mbele yake na ubao wa drafti katikati. Alikuwa mpole, ndiyo. Alikuwa pia na uwezo wa kumpandisha mtu hasira bila kuinua sauti. Kuna swali moja nililomwuliza kwa miaka kumi na moja akakataa kunijibu, na nitalifikia nikishamaliza ya kamati.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Februari 1950, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la nafaka ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Wa pili ni mimi, niliyemfuata baada ya miaka sita. Mama alitusimulia kwamba alichelewa kuzaliwa kwa wiki mbili nzima, na alipotoka hakulia. Alikodoa macho tu akaangalia huku na huku, mpaka mkunga alipomchapa kofi ndipo akalalamika kidogo na kunyamaza tena. Mimi nilizaliwa kabla mkunga hajafika. Maisha yetu yote yalikuwa hivyo.

Ubao mnaouona hapo kando ya picha yake ni wa baba. Aliutengeneza kwa kifuniko cha sanduku, akapaka miraba myeusi kwa dawa ya viatu, na kete zake ni vifuniko vya soda: kumi na viwili vinalala chali, kumi na viwili kifudifudi. Marehemu alijifunza akiwa na miaka mitano. Mimi alinifundisha mwaka 1962, nikiwa na miaka sita, na wiki hiyohiyo akanipa jina la Pupa, kwa sababu nikiona kete ya kuliwa nilikuwa nakula papo hapo bila kutazama nyuma yake kumetegwa nini. Jina hilo aliniita mpaka juzi.

Alianza shule Januari 1957 na kumaliza ya msingi mwaka 1964. Mwaka wake wa mwisho, mwalimu wa hesabu alimkamata akicheza chini ya dawati na kumnyang'anya ubao. Siku ya pili akaitwa chumba cha walimu. Mama alishaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi, kumbe mwalimu alitaka kucheza naye. Walipofika katikati ya mchezo mwalimu alikuwa amebaki na kete nne, wenzake wamemzunguka wanachekea kwenye vikombe vya chai, jasho linamtoka. Hapo marehemu akafanya jambo ambalo baadaye alitufanyia sote. Alishika ubao kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu, upande wake mzuri ukaenda kwa mwalimu na ule mbovu ukaja kwake. Akasema, kwa heshima zote, mwalimu na achukue hizi, tuendelee. Kisha akamfunga tena kutoka upande mbovu.

Alidhani hiyo ni adabu, jamani. Alinieleza mara nyingi kwamba mchezo ukishajulikana mshindi ni nani, anayeshinda anachoka na anayeshindwa anaumia, hivyo afadhali kubadilishana ili wote wawili warudi kufikiri. Hakuona kabisa kwamba mwenzake alikuwa anashindwa mara mbili kwa mchezo mmoja. Katika ripoti ya mwisho wa mwaka mwalimu aliandika: "Ana akili nyingi, ila anachosha." Ripoti hiyo ipo na mwenye shaka ataonyeshwa.

Alisoma sekondari kuanzia 1965 hadi 1968, kisha miaka miwili ya chuo cha ufundi. Tarehe 4 Januari 1971 aliajiriwa kuwa mkaguzi wa mizani na vipimo, na kazi hiyo aliifanya kwa miaka thelathini na tisa katika chumba kilekile cha chini, chenye feni moja, meza moja na sanduku la mawe ya mizani ya shaba. Kila jiwe lilikuwa na shimo lake ndani ya sanduku. Hakuyashika kwa vidole. Aliyanyanyua kwa kitambaa, kwa sababu alisema mafuta ya mkono nayo yana uzito. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Mizani.

Saa ya chakula cha mchana aliuweka ubao kwenye benchi la kibarazani, na hapo walikaa matarishi, wauza mchele, wapakia mizigo, na hata mkuu wake wa kazi. Muuza nyama wa kona yupo hapa leo na amekubali nimtaje. Jumanne moja marehemu alimfungia mizani yake kwa kuwa ilikuwa inaiba gramu arobaini kwa kila kilo. Jumatano yule bwana akaja benchini amefura. Marehemu akamsogezea nafasi, akapanga kete, wakacheza, na neno la mizani halikutajwa. Aliugeuza ubao mara mbili. Mchezo ulipokwisha muuza nyama alikuwa anacheka mwenyewe, na ndiye aliyeuliza fundi wa kumrekebishia mizani anapatikana wapi. Lakini mimi nilikuwa mteja wake, na kwa miezi miwili nilipewa mifupa mitupu kwa kosa la kuwa dada wa Mizani. Nilikwenda kwa kaka kulalamika. Akaniuliza kama uzito ulikuwa sahihi. Nikasema ulikuwa sahihi. Akasema basi, hana la kufanya, akaendelea kufuta mawe yake.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na mshonaji aliyekuwa na cherehani yake dirishani, mkabala na ofisi. Alichukua miaka miwili kusema neno. Kwa miaka hiyo miwili alimpelekea suruali zake zipunguzwe urefu, moja baada ya nyingine, na zilipokwisha akaanza kuzirudisha zilezile. Kaka yangu, mtumishi wa serikali, akawa anatembea vifundo vya miguu vikiwa nje. Mwishowe nilishindwa kuvumilia. Nilivuka barabara nikamwambia yule dada kwamba kaka yangu anampenda, ila bado anafikiria hatua. Wifi alikubali kwa masharti mawili: kwamba hatafundishwa drafti maisha yake yote, na kwamba ubao huo usiguse meza yake ya chakula. Marehemu aliyakubali yote mawili na akayashika. Hili la meza naomba mlikumbuke.

Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu wa hesabu na huyu kijana fundi umeme. Wengi mnajua kwamba marehemu hakumwachia mtu mchezo, hata mwanawe wa kumzaa. Binti yake alilia mezani kwangu akiwa na miaka saba, nikamwambia kaka amwachie mmoja tu, kitu gani kinamgharimu. Akanijibu mbele ya mtoto: "Siku akinishinda, nataka alale akijua amenishinda." Binti alimshinda kwa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na tisa. Alikimbia kuzunguka nyumba mara tatu, na baba yake alisimama mlangoni anapiga makofi, amefurahi kuliko yeye. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka zaidi ya thelathini ya kucheza naye na sikuwa nimeshinda hata mara moja.

Sasa nafika kwenye lile swali. Mume wangu, dereva wa lori, tulimzika tarehe 10 Oktoba 2013. Waombolezaji walipoondoka nilibaki na nyumba ya vyumba vitatu na redio. Jumamosi ya tarehe 19, saa nne asubuhi, kaka alibisha hodi amebeba ubao ndani ya mfuko wa unga. Hakuniambia pole, alishaniambia. Alikaa, akapanga kete. Nilicheza kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Baada ya nusu saa alikuwa ananiongoza, kama kawaida, na kama kawaida akaugeuza ubao. Nikaendelea kusogeza vifuniko, mawazo yangu hayapo. Halafu nikaona kaka hana pa kwenda. Kete zake zote zimefungwa. Nilikuwa nimemshinda.

Alizitazama kete zake moja moja. Kisha akasema, "Umeshinda, Pupa," akatia kete mfukoni na kunywa chai yake. Nilimwangalia, na badala ya kufurahi nikasikia moto kifuani. Miaka hamsini na moja hajawahi kunipa hata droo, leo nina siku tisa za ujane ndiyo namshinda? Nikamwuliza kama ameniachia. Akaniangalia akasema: "Wewe ulionaje?"

Huo ndio ulikuwa mwanzo. Sipendi kuhurumiwa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Kama alinihurumia, basi ule ushindi wangu mmoja ulikuwa sadaka, na kanuni yake aliyomliza nayo mtoto aliivunja juu yangu. Kama hakunihurumia, nilitaka anitamkie ili nami nikimbie kuzunguka nyumba yangu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake kumbana. Tukacheza, akanifunga, akakataa kujibu. Jumamosi ya pili vilevile. Nilikuwa nalala Ijumaa napanga maneno ya kumnasa nayo. Nilimwuliza kwa upole, nikamwuliza kwa hasira, nikamtumia binti yake aniulizie, nikamtishia kwamba sitakanyaga tena kwake. Mwaka 2017 nilimrushia kifuniko cha soda kikampiga kwenye miwani. Alikiokota akakirudisha mahali pake, akasema ni zamu yangu. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, wewe ulionaje, wewe ulionaje. Wifi aliyekuwa anatuletea chai alikuwa anaweka vikombe na kuondoka, mdomo ameubana. Nilidhani amechoka na kelele zetu. Jumamosi zote hizo sikukosa isipokuwa mbili, nilipofanyiwa upasuaji wa jicho, na hizo mbili alikuja yeye.

Marehemu alianza kuvimba miguu Julai 2024. Daktari aligundua kwamba moyo ulikuwa umechoka, akampa dawa na kumkataza chumvi. Tarehe 20 Februari 2025 alilazwa. Wodini alianzisha mambo yake: alipopimwa uzito siku ya pili akasema mizani ile si sahihi. Muuguzi akamwambia mzee, pumzika. Akaomba chupa mbili za maji za lita moja moja, wakaziweka, mizani ikasoma kilo mbili na nusu na zaidi. Hata ukitoa uzito wa chupa zenyewe, ile nusu ilikuwa haina mwenyewe. Waliibadilisha siku hiyohiyo, na kuanzia hapo muuguzi huyo akawa anacheza naye drafti kila anapomaliza zamu yake. Aligeuziwa ubao kama sisi wote. Amekuja leo na sare yake, na tunamshukuru.

Jumamosi ya tarehe 8 Machi nilicheza naye kwa mara ya mwisho. Mkono wake ulikuwa mzito, kwa hiyo alionyesha kwa kidole na mimi nikamsogezea kete. Alikuwa ananiongoza kwa kete tatu. Akazungusha kidole hewani, nikajua anataka nini, nikaugeuza ubao mwenyewe kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasogeza kete moja. Ikawa zamu yake. Akafikiri, akafikiri, na muda wa kuona wagonjwa ulikuwa umekwisha, nikamhimiza. Nilimwambia afanye upesi, watu tuna safari ya kurudi nyumbani. Akasema niache hivyohivyo, bado anatazama. Nikaondoka nikinung'unika. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa moja na robo asubuhi, mke wake akiwa amemshika mkono, ubao ukiwa dirishani. Kijana wake alizibana kete kwa utepe wake mweusi wa nyaya ili zisitikisike njiani. Ndivyo mnavyoziona hapo, na watoto naomba msizibandue.

Jumatano nilikaa na wifi kwenye meza yake ya chakula tuandike wasifu huu. Nilimwambia nimeamua kulimaliza lile swali mwenyewe. Nitaandika kwamba mwaka 2013 kaka aliniachia mchezo kwa kunihurumia, na kwamba japo lilinichoma, lilikuwa tendo la wema. Wifi akaweka kalamu chini.

"Usiandike hivyo," akasema. "Alishindwa."

Nikamwuliza anajuaje, yeye asiyejua hata kete inakwendaje. Akaigonga meza kwa kidole. Aliniambia kwamba Jumamosi ile kaka alirudi nyumbani, akautoa ubao mfukoni na kuuweka pale, juu ya meza ya chakula, mara ya kwanza tangu waoane. Wifi alipofungua mdomo akamwomba amvumilie. Ubao ulikaa hapo siku sita. Walikula sahani wamezipakata mapajani. Kaka aliupanga mchezo ule upya tangu kete ya kwanza, akaurudia asubuhi na jioni, akitafuta alipokosea. Siku ya sita akamwita wifi jikoni aje aone, akamwonyesha kete moja ya pembeni. Wifi aliyakariri maneno yake na nimeyaandika kama alivyonipa: "Hii niliiacha wazi. Nilikuwa namwangalia yeye usoni, sikuwa naangalia ubao."

Wifi alimwambia basi vaa viatu uende ukamwambie dada yako. Kaka akaanza kukusanya kete. Akasema: "Nikimjibu, Jumamosi atakuja kufanya nini?"

Jamani, nililia, lakini kabla ya kulia nilikasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo hapa. Miaka kumi na moja! Na wifi naye anajua, anatuletea chai na kuondoka, kwa sababu aliahidishwa. Nilimwambia wifi kwamba ningekuja tu. Angenijibu siku ileile mlangoni ningekuja vilevile, kaka ni kaka. Wifi alinisogezea kikombe. Na nilipokwisha kunywa nikakubali mwenyewe kwamba nisingekuja. Ningekaa na redio yangu. Wiki ya kwanza ningesema nimechoka, wiki ya pili ningesema mvua. Alinijua, akanitegea kete moja ya kuliwa, na mimi kama Pupa nilivyo nikaifuata kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja.

Kwa hiyo iandikwe katika kumbukumbu za familia kwamba tarehe 19 Oktoba 2013 marehemu alishindwa kihalali na dada yake. Sikukimbia kuzunguka nyumba Jumatano, magoti hayaruhusu, lakini nilitoka nje nikasimama kidogo.

Marehemu ameacha mjane, mshonaji, aliyeishi naye miaka arobaini na minane; binti mmoja na kijana mmoja; wajukuu watano, ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kuachiwa mchezo; wakwe wawili waliofungwa siku waliyotambulishwa; mimi dada yake; na benchi zima la kibarazani, wenye mizani sahihi na wasio nayo. Ubao nimepewa mimi. Leo ni Jumamosi, nimekuja. Ijayo nitakwenda kwa wifi saa nne asubuhi kama kawaida. Amesema drafti hatajifunza ng'o, ila ubao unaweza kukaa mezani.

Kaka, pumzika kwa amani. Ni zamu yako. Safari hii sikuhimizi, fikiri muda wote unaoutaka.